Bunduki ya Mlangoni na Bunduki ya Ukutani

Ponsiano alikuwa ameomba risasi mara saba, na mara zote saba aliambiwa asubiri.

Mara ya kwanza aliomba kwa adabu, kofia mkononi. Mara ya nne aliomba kwa barua, akimbembeleza karani amwandikie kwa herufi za kupendeza. Mara ya saba, siku mbili kabla ya sherehe, alisimama wima mbele ya meza ya Bwana Shauri, mzungu wa boma, akapiga saluti mpaka kikombe cha chai kikatikisika, akasema, "Bwana, bunduki bila risasi ni mchi wa kutwangia."

Bwana Shauri hakuinua hata macho kwenye faili lake. Alijibu kwa kile Kiswahili chake cha kukatakata kwamba kazi ya bunduki ya mlangoni ni kuonekana tu, na kwamba hajapata kusikia mwizi aliyeuliza kama ndani mna kitu.

"Watu wataiona, Ponsiano. Inatosha."

Haikumtosha! Mtu aliyepigana Burma katika Keya, jeshi la Mfalme, aliyelala kwenye tope miezi mitatu huku mvua ikimnyeshea mgongoni, leo asimame mlangoni na bomba tupu? Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema wenyewe, lakini la kwake hata kuvuma lilikuwa haliwezi. Waliojua siri hiyo walikuwa watatu tu: yeye, Bwana Shauri, na Dunstan karani. Korogwe nzima iliyobaki ilimwogopa, na Ponsiano, tuseme ukweli, alipenda kuogopwa. Baba yake aliletwa kutoka Songea kuja kukata mkonge kama manamba, akafa akiitwa kwa namba yake. Mwanawe alikuwa anaitwa Afande, tena na watu wenye viatu.

Watu wa siku hizi mtacheka, lakini mwaka ule wa tatu baada ya vita, kufunguliwa kwa nyumba ya makumbusho lilikuwa jambo la kumtoa mgonjwa kitandani. Ghala la zamani la Mgiriki mmoja wa katani lilipakwa chokaa likawa jeupe pepepe. Ndani yake vilipangwa vitu ambavyo watu walikuwa wakiviona kila siku kwao bila kuvijali: ngoma za Usambara, vigoda, ngao za Kimaasai, vibuyu vya waganga, chui aliyejazwa majani akawekwa juu ya sanduku katikati ya ukumbi, meno nje. Na ukutani, chini ya kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, magobori saba, bunduki za kushindilia baruti mdomoni, yaliyokusanywa Handeni kwa watu wasio na leseni. Vitu vile vile, ila sasa vina karatasi na askari mlangoni, basi kila mtu alitaka kuviona hata kama cha kwake kilikuwemo.

Amri aliyopewa Ponsiano ilikuwa fupi. Atakayegusa kitu cha serikali aonywe mara moja, na akiendelea, apigwe risasi.

Apigwe na nini? Ponsiano alijiuliza, lakini hakuuliza.

Asubuhi ya sherehe mji ulifurika. Walishuka watu wa Dindira na vikapu vyao vya matunda damu, wakaja wa Makuyuni na watoto mgongoni, beni ya Manundu ikapita barabarani na tarumbeta zake zinazong'aa, na vumbi lilipanda mpaka likawa halina pa kwenda. Ponsiano alikuwa amepiga kaptula yake pasi hadi ikasimama yenyewe. Moyo ulimdunda kwa raha. Kila aliyefika alimkagua kama waziri. Kisioki, mzee wa Kimaasai aliyekuwa amealikwa kwa sababu ngao mbili zilikuwa zake, alizuiwa mlangoni kwa sababu ya mkuki.

"Mkuki unabaki nje, mzee."

"Ndani kuna mikuki kumi na minne," alisema Kisioki. "Niliihesabu dirishani."

"Ile ni ya kutazama."

"Na wangu ni wa kushika tu. Hata sijaunoa." Lakini alicheka, akauegemeza mkuki kwenye ukuta wa nje, akaingia akiutazama kwa nyuma.

Hapo ndipo alipotokea yule mwanamke.

Alikuwa mrefu, wa makamo, kaniki yake imefungwa imara kifuani, na vumbi limempanda mpaka magotini. Hakutazama tarumbeta wala bendera. Alikuja moja kwa moja kwa Ponsiano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi Amne binti Sempombe, wa Mazingara kule Handeni. Siku mbili nipo njiani kwa miguu. Humo ndani mna gobori la baba yangu, lile lililovishwa ngozi ya chatu kwenye kitako."

Ponsiano alilijua. Lilikuwa zuri kuliko yote saba. Pia alikuwa ameonywa kwamba wenyewe watakuja na hadithi za kila namna, wakitaka kurudishiwa mali zao. "Lilikuwa la baba yako, mama. Sasa ni la serikali."

"Serikali ichukue, sina neno. Lakini limechukuliwa likiwa na kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Baruti, na risasi ya chuma kubwa kama kunazi."

Ponsiano akatazama kulia na kushoto. Amne aliendelea kusema kwa haraka, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njia nzima.

"Ukoo wetu ni wa wawindaji. Mwindaji akifa, ndugu zake wanaishindilia bunduki yake mara ya mwisho. Wanaziba mdomo kwa nta ya nyuki, wanaitundika juu ya kitanda chake. Siku ya kuanua matanga, mrithi anaitoa uani, anaipiga juu, sisi wanawake tunapiga vigelegele, ndipo marehemu anakwenda zake. Kabla ya hapo hajaenda. Yumo nyumbani, anasubiri."

"Na mrithi yuko wapi?"

"Kaka yangu. Walimchukua kwenda vitani, na mpaka leo hakuna mtu wala barua. Huu mwaka wa sita baba anasubiri. Nikasema basi nipeni niipige mimi. Baba zangu wadogo wakanitazama kana kwamba nimevua nguo sokoni. Mwezi uliopita jumbe akapita na matarishi wake, akazizoa bunduki. Mimi nilikuwa shamba. Hakuna aliyefungua mdomo kuwaambia imeshindiliwa, maana kila mmoja aliogopa kuulizwa leseni. Mwanangu, siidai. Itoeni nje muipige juu. Kama hamtaki, imwagieni maji, japo baba atanilaumu. Lakini msiiache hivyo kwenye nyumba yenye watu."

Maneno ya kaka aliyekwenda vitani yalimgusa Ponsiano mahali ambapo hakupenda kuguswa. Alimwambia asubiri, akaingia kumtafuta Dunstan.

Dunstan wa Dindira alikuwa kijana aliyesoma, na siku ile alivaa suti nyeupe na tai ya michirizi. Alikuwa anatembea mbele ya chui akikariri hotuba yake. Aliposikia habari ya Amne alicheka mpaka tai ikapinda.

"Mgosi, miaka sita! Baruti hiyo imeshakuwa unga wa muhogo."

"Anasema mdomo umezibwa nta."

"Nta ni ya kuzuia wadudu. Soma mwenyewe, nimeandika hapo." Na kweli, chini ya gobori la ngozi ya chatu palikuwa na karatasi nadhifu: *Mdomo huzibwa nta kuzuia wadudu.* Nani alimwambia? Hakuna. Alikuwa ameitazama nta, akafikiri kidogo, akaandika, na kwa kuwa iliandikwa kwa mashine ikawa kweli.

"Na kama mama yule anasema kweli?"

"Na kama anasema uongo, tukamwagia maji kitu cha serikali nusu saa kabla ya wageni? Utajibu wewe?" Kisha Dunstan akatoa mfukoni kikopo kidogo cha bati, akakitikisa sikioni mwa Ponsiano kama njugu. "Fataki. Nitaweka moja tu kwenye gobori hilo hilo. Wageni wasikie pa! wacheke, basi. Bwana Shauri amekubali."

Ponsiano alikuwa askari. Alijua kwamba fataki ndiyo inayoamsha kila kitu kilicholala nyuma yake. Alifungua mdomo. Lakini nje honi zililia, magari mawili yakasimama, beni ikaongeza mdundo, na Dunstan akamsukuma mgongoni, "Nenda, nenda, mlangoni kwako!" Naye akaenda. Akajiambia kwamba karani amesoma, na mtu aliyesoma hawezi kukosea kitu kikubwa namna ile. Uongo mtupu, naye alijua.

"Karani anasema imekufa," alimwambia Amne.

"Karani alikuwepo siku tulipoishindilia?"

"Mama, nenda kakae kule na wenzako. Hapa huwezi kuingia bila kadi. Ukivuka mlango huu, mimi nina amri." Akaipiga bunduki yake kitakoni, kwa sauti.

Amne akaitazama ile bunduki kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa nyumba yenye bunduki. "Hiyo nayo imeshindiliwa?"

"Imejaa," alisema Ponsiano.

Wageni wakajipanga. Bendera ikaanza kupanda, na beni, iliyokuwa imefanya mazoezi wiki nzima, ikapiga wimbo wa Mfalme kwa bidii iliyowatoa jasho. Ponsiano akatoa heshima ya silaha, bunduki wima mbele ya pua yake, macho mbele, hata inzi akitua shavuni hapaswi kufukuzwa. Sheria ya Keya haina mchezo. Mpaka wimbo uishe, askari ni mti.

Na Amne, ambaye hakuwa askari wa mtu yeyote, akajifunika kaniki yake vizuri, akapita mbele ya pua ile ile na kuingia ndani.

Alimwona! Alimwona tangu unyayo wa kwanza mpaka wa mwisho. Aliomba wimbo uishe, na wapiga tarumbeta, kwa kuona wamependwa, wakaamua kuurudia.

Ulipoisha, wageni walimiminika kwa pamoja, na Ponsiano akabanwa nyuma yao. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya mia. Mbele waliketi wazungu wachache, majumbe, shehe na padre bega kwa bega. Nyuma ya chui, juu ya mkeka, waliketi wasichana wa shule ishirini na watatu wa mwalimu Bernadina, nywele zimesukwa, wakisubiri kuimba. Ponsiano alitafuta kaniki moja kati ya kaniki hamsini. Alisukuma, akakanyaga vidole vya watu, akaomba radhi, akatukanwa, mpaka akajikuta upande wa nyuma ya jukwaa. Haonekani.

"Mabwana na mabibi!" Dunstan alikuwa amepanda kwenye jukwaa, na gobori la ngozi ya chatu lilikuwa mikononi mwake. Sauti yake ilikuwa imejaa raha. "Msidhani vitu hivi vilikuwa mapambo. Leo mtaona jinsi wazee wetu walivyomtoa roho chui!"

Akabandua nta kwa kisu kidogo, akaipuliza mbele ya watu kwa madaha. Akapachika fataki. Akaivuta nyuma ile nyundo, ikasema kra, na ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa hamu. Akalenga chui. Nyuma ya chui wasichana walijiziba masikio wakicheka, na mdogo wao akajificha nyuma ya mwenzake. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na Dunstan alikuwa anatabasamu.

"Usiivute! Imeshindiliwa! Usiivute!"

Amne alitoka upande wa ngoma kama aliyerushwa. Aliruka jukwaani, akaushika mtutu kwa mikono yote miwili kwa chini, akausukuma juu, na wakati huo huo kidole cha Dunstan kilikuwa kimeshafanya kazi yake.

Jamani! Ule haukuwa mlio, ulikuwa mlima kuanguka. Bati la paa likatoboka tundu la ngumi, jua likapenya humo kama mkuki, vumbi la miaka yote ya katani likamwagika, na popo waliokuwa wamelala juu wakashuka kwa mamia, wakapita juu ya kofia za wakubwa. Moshi ukajaa. Watu mia na zaidi wakaanguka chini kwa pamoja. Padre alimwangukia shehe. Dunstan aliketi kwa makalio, tai imemkaa begani, mikono mitupu.

Aliyebaki amesimama ni Amne peke yake, na gobori linalofuka mikononi mwake.

Na akapiga vigelegele.

Hakukusudia, alisema baadaye. Miaka sita mwili wake ulikuwa unausubiri mlio ule, na ulipousikia ulifanya kilichokuwa chake kufanya. Baba alikuwa ameondoka. Hatimaye alikuwa ameondoka, kwa mkono wa karani wa Kishambaa asiyejua hata jina lake, lakini ameondoka, juu, kupitia tundu la bati! Machozi yalimtoka, mdomo umefunguka, ulimi unacheza, furaha imemjaa mpaka anaelea.

Ponsiano hakuona furaha. Aliona moshi, watu wamelala chini, na mtu mmoja mwenye bunduki anapiga ukelele. Korogwe ilimtoka. Tope la Burma lilimrudia miguuni. Bunduki ilipanda begani yenyewe, shavu likalala kwenye mti wake, na kifua cha mwanamke kikakaa sawasawa juu ya ncha ya mtutu. Hatua kumi na tano. Ponsiano hakosi hata kwa hatua mia.

Akavuta.

Tik.

Mkono wa askari haufikiri. Ulivuta chuma nyuma, ukakisukuma mbele, ukavuta tena.

Tik.

Sauti ndogo mno, ndogo kuliko kuvunjika kwa njiti ya kiberiti. Lakini Amne, binti wa mwindaji, aliisikia katikati ya vigelegele vyake mwenyewe. Akageuza shingo. Macho yao yakakutana juu ya mtutu, na Ponsiano akaona uso aliokuwa ameulenga ni wa nani, na nyuma ya uso huo akaona mkeka, na juu ya mkeka wasichana ishirini na watatu.

Akaishusha bunduki. Hakuna mwingine aliyekuwa ameangalia upande wake.

Kutoka pembeni, mwanamke mmoja mtu mzima wa Handeni aliyekuwa amelala kifudifudi aliinua kichwa. Aliujua mpangilio ule: mlio, kisha vigelegele. Hakujua nani amekufa wala lini, lakini adabu ni adabu. Akaitikia kwa sauti kali. Akaitikia wa pili, na wa tatu, na punde ukumbi mzima wa wanawake ukawa unapiga vigelegele, Wazigua wa Handeni kwa sababu walijua na wengine kwa sababu walikuwa hai. Wasichana wakaangua kicheko. Watu wakainuka, wakajipapasa, wakahesabiana. Mzima! Mzima! Hakuna hata aliyechubuka, ila karani aliyeumia makalio. Kisioki alisimama chini ya tundu la paa akaliangalia kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba mkuki wake ungekuwa ndani, usingefanya hayo.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Habari ilisimuliwa palepale, Amne akieleza, yule mama wa Handeni akithibitisha, Dunstan akiibandua karatasi yake ukutani na kuitafuna kwa macho. Wasichana walimzunguka Amne wakitaka kugusa mkono wake uliosukuma mtutu. Mwalimu Bernadina alimbusu kwenye viganja vyote viwili. Kama si yeye, walisema, leo tungezika. Kwa nini hakuruhusiwa kuingia tangu mwanzo? Nani alimzuia? Na hapo vichwa vikaanza kugeuka kuelekea mlangoni.

Bwana Shauri naye alikuwa ametoka chini ya meza, uso mwekundu na vumbi kwenye nyusi. Aibu ya mkubwa lazima imwangukie mdogo. "Askari!" alifoka. "Mtu ameingia bila kadi, amegusa mali ya serikali, bunduki imelia. Wewe ulikuwa wapi? Kwa nini hukufanya kitu?"

Ponsiano akasimama wima, macho mbele.

"Basi. Hakuna mchezo tena katika nyumba hii." Akamwamuru dereva alete kile kisanduku cha kijani kilichokuwa kwenye gari. Akakifungua mbele ya wageni wote, na kwa mkono wake mwenyewe akaweka risasi tano katika kiganja cha Ponsiano. "Umeomba. Haya, chukua. Kuanzia leo nyumba hii ina ulinzi wa kweli." Wakubwa wawili watatu wakapiga makofi.

Risasi tano zililala kiganjani, za manjano, safi, nzito kwa namna anayoijua. Mara saba aliziomba. Alizihesabu kwa macho. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa amevuta ila watu wawili, na mmoja wao alikuwa mwanamke wa Mazingara ambaye hana wa kumsikiliza boma. Angezitia mfukoni, apige saluti, na maisha yaende. Aliogopa. Tusimsifu kuliko kiasi, aliogopa kufukuzwa, aliogopa kurudi kukata mkonge na kuitwa namba.

"Nilifanya kitu, Bwana," alisema.

"Ulifanya nini?"

"Nilimpiga huyu mama. Mara mbili."

Popo mmoja aliyechelewa akapita, na kila mtu alisikia mbawa zake.

"Nilimlenga kifuani nikavuta. Haikulia. Nikavuta tena. Ungenipa hizi siku nilipoziomba, Bwana, sasa hivi yeye amelala hapo, na risasi ile ya serikali haisimami kwa mtu mmoja. Ingemtoka yeye iende kwa hawa." Hakuwaonyesha wasichana kwa kidole, alishindwa kuinua kidole kile. "Aliyeokoa watu ndiye niliyempiga. Mimi sijui kuchagua kwenye moshi. Hakuna anayejua."

Akaziweka risasi juu ya sanduku, moja baada ya nyingine, zikasimama miguuni pa chui. "Nipe rungu, Bwana, nitalinda mlango huu mpaka nizeeke. Au nipe ruhusa niende. Hizi sizitaki."

Bwana Shauri akamtazama mwalimu Bernadina aliyekuwa ameanza kuwakusanya wasichana wake kwenye sketi yake kama kuku na vifaranga, akajifuta vumbi kwenye nyusi. Yule dereva, bila kuambiwa, akazirudisha risasi kisandukuni.

Amne alikuwa amelikabidhi gobori kwa Kisioki alishike. Akaja taratibu, watu wakimpisha, akasimama mbele ya Ponsiano karibu sana, hata Ponsiano akainusa harufu ya baruti kwenye kaniki yake.

"Uliniambia imejaa," alisema.

"Nilikudanganya, mama."

"Nilisikia tik nikasema labda ni masikio yangu, mlio umeyaharibu. Kumbe kweli ulivuta."

"Nilivuta."

"Mara mbili."

"Mara mbili, mama."

Amne akatikisa kichwa. Kona ya mdomo wake ikacheza. "Mungu ambariki mzungu yule kwa uchoyo wake," alisema, na watu wa karibu wakataka kucheka, wakaogopa. "Kidole kipi?"

Ponsiano akautoa mkono wake wa kulia mbele kama mtoto anayesubiri fimbo ya mwalimu. Amne akakichukua kile kidole, akakigeuza, akakiangalia kucha na kiungo, kisha akakifumbata katika kiganja chake na kukiminya mpaka kikauma. Na hapo ndipo mkono wake, uliosukuma mtutu wa moto bila kutikisika, ulipoanza kutetemeka.

"Baba ameondoka leo," alisema kwa sauti ndogo aliyoisikia Ponsiano peke yake. "Na mimi nilishaanza kumfuata, mwanangu. Mguu mmoja ulikuwa nje. Nishike basi. Nishike, naanguka."

Ponsiano akaiegemeza bunduki ukutani bila kuangalia inakoegemea, akamdaka kwa mikono yote miwili, wakaketi chini wote wawili.